Paswedi Aliyoijua Muuza Kahawa

Mpaka katikati ya mwaka 2019, paswedi ya kompyuta ya dirishani katika ofisi yetu aliijua hata muuza kahawa. Sitii chumvi. Yule bwana alikuwa akifika saa nne kasorobo na dele lake na vikombe vyake vinavyogongana, anasimama mlangoni, na kila siku anamkuta mtu anapiga kelele kutoka chumba cha nyuma: "Jamani, ya dirishani ni ipi tena?" Mwingine anajibu kwa sauti ya mnadani: "Mkonge, M kubwa, halafu moja mbili tatu!" Siku moja tulikuwa na mfanyakazi mgeni, sote tumetoka, binti wa watu anahangaika peke yake mbele ya kioo. Muuza kahawa akamwonea huruma. "Jaribu Mkonge, dada. M kubwa." Ikafunguka. Tulicheka wiki nzima, na yule binti tukambatiza jina la Mkonge mpaka alipoolewa akahamia Moshi.

Ofisi yenyewe ni ya wakala wa forodha, mwendo mfupi kutoka lango la bandari ya Tanga. Watu saba, kompyuta nne, printa moja yenye hasira. Nilipoanza kazi pale, meli kubwa zilikuwa bado zinatia nanga huko mbali, kiasi cha kilomita 1.7 kutoka gatini, na mizigo inaletwa kwa matishari. Kazi nayo ilikwenda kwa mwendo wa tishari. Unapata nafasi ya kunywa kahawa, kula kashata na kumsengenya meneja kwa utulivu. Kisha zikaja habari za mradi: njia ya kuingilia meli ichimbwe hadi kina cha mita 13, gati za mita 450 ziimarishwe, meli zije kufunga palepale. Makaratasi yakaongezeka, wateja wakaongezeka, na makao makuu yetu Dar es Salaam wakaamua kutuunganisha kwenye mfumo mmoja. Mfumo haukuja peke yake. Ulikuja na karatasi ya kurasa mbili iliyobandikwa juu ya birika la maji, kichwa chake kimepigwa mstari: Kanuni za Usalama.

Karibu kila sentensi ilianza na "Ni marufuku". Nywila iwe na herufi zisizopungua 10, mojawapo kubwa, na tarakimu, na alama. Ibadilishwe kila baada ya siku 30. Isifanane na yoyote kati ya 12 zilizopita. Ukikosea mara tatu, akaunti inafungwa na unapiga simu Dar. Flashi haziruhusiwi. Kioo kijifunge baada ya dakika tano.

Mimi nilikimbilia samaki. Ukihesabu Kolekole#1 utakuta herufi kumi kamili, tena zimetimia masharti yote: kubwa ipo, alama ipo, tarakimu ipo. Mwezi uliofuata nikaweka Kolekole#2. Nilifika Kolekole#19 kabla mambo hayajabadilika, na mfumo ulinipongeza kila mara kwa rangi ya kijani kwamba nywila yangu ni imara. Dada wa mapokezi alitumia majina ya watoto wake. Walipokwisha akahamia kwa wajomba. Mzee wetu wa masijala aliandika zake kwenye daftari la kaunta, ukurasa mmoja na michango ya misiba, akalifungia daftari kwenye droo yenye kufuli, ufunguo ukaning'inia shingoni mwake chini ya kanzu. Alisemwa sana kwa hilo. Mimi naamini lile daftari ndilo lilikuwa kitu salama kuliko vyote pale ofisini. Tapeli aliyeko ng'ambo anaweza kuibahatisha Kolekole yangu akiwa amelala kitandani kwake. Kulipata daftari la mzee, itabidi apande basi hadi stendi ya Kange, kisha apambane na mzee mwenyewe.

Baadaye sana, usiku mmoja usingizi umegoma, nikaanza kusoma hizi kanuni zimetoka wapi. Nikamkuta Mmarekani mmoja anaitwa Bill Burr, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya viwango ya serikali yao, NIST. Mwaka 2003 aliandika mwongozo wa nywila, na kutoka humo ndiko zilikoenea duniani hizi habari za kuchanganya herufi kubwa na alama na kubadilisha kila baada ya muda. Mwaka 2017, akiwa mstaafu wa miaka 72, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba mengi aliyoyafanya anayajutia. Mwaka huohuo taasisi ileile ikatoa mwongozo mpya: msiwalazimishe watu kubadilisha nywila kwa kalenda, badilisheni pale mnapoona dalili kwamba imeibwa. Na sababu ilikwishajulikana. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichukua nywila za akaunti za chuo ambazo muda wake ulikwisha, wakagundua kwamba ukijua nywila ya zamani, akaunti kama 17 katika kila 100 unazifungua kwa kubahatisha chini ya mara tano tu. Kumbe Kolekole wamejaa dunia nzima.

Nikahesabu miaka. Wenyewe waliiacha 2017, sisi tukaletewa 2019. Sheria ilitufikia kama koti la mtumba: aliyelishona amelivua zamani, sisi ndio kwanza tunalipiga pasi.

Lakini si paswedi kubadilika kulikotutesa zaidi. Hilo ni usumbufu tu, kama mbu. Kilichotutesa ni ile kanuni ya kwanza kabisa, iliyokolezwa wino: ni marufuku kumpa mtu mwingine yeyote nywila yako.

Wiki ya kwanza nilijaribu kuifuata. Bi mkubwa wa uhasibu akaja mezani kwangu, mashine yake imejifunga, mteja amesimama. "Mwanangu, hebu nitajie yako nitoe hii ankara." Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba kanuni hairuhusu. Aliniangalia kwa muda. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema, "Haya. Kumbe siku hizi humu tumekuwa wezi," akarudi kwenye kiti chake. Siku mbili nilipomwamkia aliitikia "marahaba" kavu isiyo na mwanangu mbele wala nyuma. Maandazi aliyokuwa akinifungia kutoka kwake Makorora hayakuja. Siku ya tatu nikampa paswedi, tena nilimwandikia kwenye karatasi safi kwa mwandiko mzuri. Hakuna aliyenilazimisha.

Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Nimekua nikisikia methali hiyo ikitumika kwa mambo ya ndoa, lakini pale ofisini niliielewa kwa namna nyingine: mtungi hauwezi kumkatalia kata, maana kata isipozama hakuna anayekunywa maji. Kazi ya kutoa mzigo bandarini ndivyo ilivyo. Mmoja anaingiza nyaraka, mwingine anakagua thamani, wa tatu anaidhinisha, wa nne yuko getini na dereva anayelia njaa. Ile karatasi iliyobandikwa juu ya birika ilimfikiria mtu mmoja, kiti kimoja, mlango umefungwa. Mtu huyo sijawahi kumwona Tanga.

Nitoe mfano wa Lushoto. Mkuu wetu wa nyaraka ndiye peke yake aliyekuwa na uwezo wa kuidhinisha kwenye mfumo. Alfajiri moja akafiwa na baba yake mdogo, akapanda milima kwenda kuzika, kama anavyotakiwa mtu yeyote aliyelelewa. Huku nyuma tuna makontena mawili ya mteja ambayo kila siku ya kuchelewa inahesabiwa kwa dola. Saa tano mteja kapiga simu mara sita. Tukampigia mkuu. Mtandao wa milimani unakatikakatika, na nyuma yake nasikia watu wanavuta dua. Akasogea nyuma ya migomba akaanza kunong'ona: "M kubwa ya Muheza... halafu u... halafu ile alama kama reli..." Nikaandika. Ikakataa. "Hapana, reli inakuja baada ya h." Ikakataa tena. Mara ya tatu akaunti ikafungwa. Nikapiga Dar. Kijana wa huko akaniambia kwa sauti ya mashine kwamba akaunti ikifungwa, mwenyewe ndiye apige simu. Nikamwambia mwenyewe yuko makaburini. Akasema basi akitoka makaburini.

Makontena yalitoka siku mbili baadaye. Na tangu siku hiyo tukaweka utaratibu wetu wa kienyeji: paswedi zote saba ziliandikwa kwenye bahasha moja, bahasha ikawekwa ndani ya msahafu wa mzee wa masijala, kwa sababu hapo hakuna atakayeigusa bila udhu. Hatukuwa wazembe. Tulikuwa tumetunga kanuni za usalama zinazolingana na kazi yetu, ila tu hazikuandikwa na mtu wa Dar.

Habari ya flashi nayo nisiipite. Waliziba matundu ya flashi kwa sababu ya virusi, na hawakukosea. Flashi ikizunguka Ngamiani siku moja inarudi na magonjwa ya mji mzima, mafaili yote yamegeuka vivuli. Lakini printa yetu ilikuwa haitoi rangi, na kuna nyaraka mteja anazitaka kwa rangi. Flashi hakuna. Basi tukawa tunazituma kwenye WhatsApp zetu wenyewe, kutoka hapo kwenda kwa kijana wa steshenari, yeye anazishusha kwenye kompyuta yake na kuchapa. Siku moja nilikwenda pale kupiga kopi ya cheti cha mtoto. Nikaona uso wa kompyuta yake umejaa mafaili kama dagaa walioanikwa. Nikasoma majina: ankara za wateja wetu, namba zao za mlipakodi, pasi ya kusafiria ya Mkorea mmoja, picha yake inanitazama. Miezi na miezi ya kazi yetu, mezani kwa mtu anayeazima kompyuta kwa kila mwanafunzi anayetaka kuandika barua ya kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, tuliletewa semina na soda. Mimi kichwani nilikuwa namwona yule Mkorea tu. Tulifunga dirisha, mzigo ukapitia paa.

Sasa nifike kwenye lile linalonifanya niandike, maana nikiishia hapa nitaonekana nasema kanuni zote ni upuuzi wa wakubwa.

Mwanzoni mwa 2021 nilichukua likizo, nikaenda kwa mama yangu Pangani. Nilimwachia mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kijana mtiifu wa miaka ishirini na kidogo, anitazamie barua pepe. Nikampa na paswedi. Jumamosi moja alasiri niko uani nakuna nazi, simu ikaita. Mteja wetu wa Arusha. "Dada, mmehama benki lini?" Nikamuuliza benki gani. Akasema nimemtumia barua asubuhi ile kwamba malipo ya mzigo wake yaende kwenye akaunti mpya. Barua imetoka kwangu, jina langu, anwani yangu, mpaka salamu ninazozipenda mwishoni zimo. "Ila," akasema, "humo umeniita Bwana Mpendwa. Nikaona huyu si wewe." Nazi ilibaki nusu kwenye mbuzi.

Hela haikutoka, Alhamdulillahi, kwa sababu mtu alinyanyua simu. Lakini Jumatatu niliitwa kutoka likizo. Meneja aligeuza kioo nikione: jina langu, saa, dakika. "Mfumo unaonyesha ni wewe." Nikasema nilikuwa Pangani. Akasema mfumo haujui Pangani. Nikaandika maelezo, nikaandika tena. Mtu mmoja akaitaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja mvua, na mimi tumbo likashuka. Wiki mbili sikulala. Nilichokuwa nacho cha kujitetea ni kwamba watu saba wanaijua paswedi yangu, na hicho ndicho kilichonitia hatiani zaidi. Jina langu lilikuwa linatembea mjini bila mimi.

Ilikuja kujulikana. Yule kijana alipokea ujumbe kwamba sanduku la barua limejaa, bonyeza hapa uthibitishe usipoteze barua zako. Ukurasa ulifanana na wetu kwa kila kitu. Akaandika Kolekole yangu kwa uangalifu, akiamini ananisaidia. Alipoulizwa alilia mbele za watu, na mimi nikatazama chini, kwa sababu ile paswedi hakuiiba. Niliiweka mwenyewe mdomoni mwake.

Nikakaa nikafikiri. Miaka yote pale ofisini hakuna mtu aliyewahi kuniomba nimwazimie saini yangu. Bi mkubwa wa uhasibu, pamoja na utu wake wote, hawezi kukuachia muhuri akaenda sokoni, anaufungia. Hakuna anayenuna kwa hilo. Tunajua saini ni nini, tumezaliwa tumekuta wazee wanaiogopa. Kama ile karatasi ingesema kwamba paswedi ni saini, kwamba ukimpa mwenzio umempa mkono wako aandikie, na siku ya kusimama mbele ya mtu mzima utakosa pa kushika, nadhani tungeelewa siku ileile. Badala yake ilisema ni marufuku. Marufuku tumezizoea, hata kukojoa ukutani ni marufuku.

Mwaka uliofuata makao makuu walimleta afisa TEHAMA mwingine, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza kwa sura, mwenye shikamoo ya kweli kweli. Tulijiandaa kwa karatasi nyingine. Hakubandika kitu. Alikaa kwenye kiti cha dirishani siku tatu, anakunywa kahawa, anatazama. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyetuuliza tangu mfumo uje: "Mkifiwa, nani anaidhinisha?"

Tulimweleza Lushoto. Tulimweleza, baada ya kutazamana, hata bahasha. Hakucheka wala hakugomba. Kumbe kwenye mfumo uleule mlikuwa na sehemu ya kukaimisha: anayeondoka anamteua mwenzake, tarehe fulani hadi fulani, na mwenzake anaidhinisha kwa jina lake mwenyewe. Ilikuwepo siku zote, imezimwa. Akaiwasha. Ikanunuliwa printa ya rangi. Akaondoa ile habari ya siku 30, akatuambia tutunge nywila ndefu ya maneno kadhaa yasiyohusiana, isiwe methali wala aya kwa sababu hizo kila mtu anazo kichwani, na tukae nayo.

Siku ya kuaga alitusomea kutoka kwenye simu yake habari za mtaalamu mmoja wa maandishi ya siri ya kijeshi, Auguste Kerckhoffs, aliyeweka masharti sita mwaka 1883. La mwisho lilisema njia ya kutunza siri iwe rahisi kutumia, isichoshe akili, wala isimtake mtu kukariri orodha ndefu ya kanuni. Mzee wa masijala akavua miwani. "1883? Hapo hata reli ya Tanga haijaanza kujengwa. Sasa mlichelewa wapi?"

Si kwamba mambo yamenyooka. Sasa kuna tarakimu sita zinazokuja kwenye simu kila unapoingia. Mzee ana kitochi, na kitochi kinashinda na mjukuu wake Sahare. "Nywila ninayo, mwili ninao, bado wananiuliza mimi nani," analalamika, "niko hapa tangu enzi za matishari." Kuna pia mtindo wa makao makuu kututumia barua za uongo ili waone nani atanasa. Dada wa mapokezi alinasa mara moja, jina lake likasomwa kikaoni. Tangu hapo hafungui kitu. Nyaraka halali za meli zilikaa siku mbili kwenye sanduku lake kwa sababu aliziona zina dalili. Mimi kumtegea mfanyakazi mwenzio halafu ukamtangaza, siiti elimu.

Na nyumbani? Mama yangu ana hela kidogo kwenye simu, ninazomtumia mimi na kaka zangu. Namba yake ya siri tulikuwa tunaijua watatu: yeye, mimi na kijana wa wakala, ambaye mama humkabidhi simu na namba pamoja, "toa elfu kumi, baba." Mwaka jana alipokea ule ujumbe ambao kila Mtanzania ameupata, ile hela itume kwenye namba hii. Mama hakutuma. Alipiga ile namba akauliza, "Wewe ni mwana wa nani?" Tapeli akakata. Nilipofika niliituma namba hiyo kwenda 15040, kule kunakoripotiwa matapeli, kisha nikakaa naye ukumbini kumweleza yote niliyojifunza: saini, mkono, jina linalotembea. Nikamwambia leo tunabadilisha, na yule kijana asiijue.

"Yule nimemwogesha mimi," akasema. "Na vitufe sivioni. Nikifa usiku, hela ya sanda utaitoaje?"

Nikamwambia basi tuijue wawili. Akakubali kwa shingo upande. Nikabonyeza namba mpya, nikamsogelea. Jirani alikuwa ukutani anaanika nguo, kwa hiyo nikainama nikamnong'onezea sikioni, tarakimu moja moja.

"Paza sauti, mwanangu," akasema mama. "Sikusikii."